Mwanga Kwanza, Paka Baadaye

Katika picha nyingi za paka alizopiga Walter Chandoha miaka ya 1950 na 1960, kitu cha kwanza kukamata jicho la mtazamaji ni mstari mwembamba wa mwanga. Unaanzia kwenye ncha za masikio, unateremka kisogoni, unapita mgongoni, na ndani yake kila unywele unaonekana peke yake. Uso umewekewa mwanga mwingine, mpole zaidi, unaotokea mbele. Macho yametulia katika fokasi, na ukisogea karibu unaiona taa yenyewe ikiwa nukta nyeupe ndani ya mboni. Nyuma ya paka hakuna kochi, hakuna zulia wala pazia. Kuna rangi moja tu iliyokolea, basi.

Picha za namna hiyo zilienea Marekani nzima: kwenye majalada ya magazeti, kwenye kalenda, kwenye mifuko na makopo ya chakula cha paka. Watu walizitazama jikoni huku wakifungua kopo, wala hawakujiuliza aliyezipiga ni nani. Nadhani ndiyo sababu jina lake lilichelewa kutajwa pamoja na majina ya wapiga picha wakubwa wa zama zake. Kitu kinachouza chakula cha paka hakidhaniwi kuwa kimetengenezwa kwa akili nyingi.

Chandoha alizaliwa Bayonne, New Jersey, mwaka 1920, na wazazi waliohamia kutoka Ukraine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mpiga picha wa jeshi huko Pasifiki. Vita vilipokwisha akaingia Chuo Kikuu cha New York kusomea masoko. Majira ya baridi ya mwaka 1949, akirudi nyumbani kwake Astoria, upande wa Queens, alimkuta mtoto wa paka kwenye theluji, akamtia katika mfuko wa koti na kumpelekea mkewe, Maria. Yule paka alikuwa na tabia ya kukimbia huku na huko ndani ya nyumba utadhani amepandwa na pepo, wakamwita Loco, yaani kichaa kwa Kihispania. Chandoha akaanza kumpiga picha, picha zikashinda mashindano, na masomo ya masoko yakapata mpinzani asiyetarajiwa. Alipofariki Januari 2019, akiwa na miaka 98, alikuwa ameacha picha zipatazo 225,000, na kama 90,000 kati ya hizo ni za paka.

Watu wakisikia hesabu hiyo husifu subira. Subira alikuwa nayo, sikatai. Lakini kungoja peke yake hakujawahi kumpa mtu picha nzuri. Anayengoja bila kujiandaa, paka anapogeuza shingo kwa namna ile ya kupendeza, huwa bado anahangaika na kitufe, au taa inapiga ukuta badala ya uso, au fokasi imekaa kwenye mkia. Ninachokistahi kwa Chandoha na wenzake wachache wa ngazi yake ni kazi inayofanyika kabla mnyama hajaingia chumbani. Meza imekwisha kuwekwa. Karatasi ya rangi imekwisha kuteremshwa nyuma yake. Taa ya nyuma imefichwa mahali lenzi isipoiona, taa ya mbele imepimwa, na fokasi imelengwa pale ambapo kichwa kitakuwa. Mnyama hawezi kuambiwa anyanyue kidevu kidogo au atazame dirishani. Kwa hiyo mpiga picha hamwelekezi. Anamjengea mahali ambapo karibu kila atakachofanya kitakuwa picha.

Na kwa nini mwanga utoke nyuma? Jibu liko kwenye manyoya. Ngozi ya binadamu ni uso mmoja unaoendelea, ukiumulika kwa mbele unapata rangi na umbo vya kutosha. Manyoya ni maelfu ya nyuzi zilizolala moja juu ya nyingine, na kila unywele una kivuli chake kidogo. Taa ikiwa ubavuni mwa kamera, kivuli cha kila unywele kinaangukia nyuma yake mwenyewe, mahali lenzi isipofika, na mnyama mzima anageuka kipande cha kitambaa bapa. Taa ikihamia ubavuni mwa mnyama, vivuli vinajitokeza, na hapo ndipo unapojua kama manyoya ni laini au ya kuchoma. Ikisogea mpaka nyuma, mwanga unapenya zile nywele za pembeni zilizo nyembamba na kuziwasha zenyewe. Aliyewahi kusimama kwenye mashine ya kusaga wakati jua la asubuhi linaingia mlangoni anajua: unga ulioko hewani ulikuwepo muda wote, lakini hauonekani mpaka mwanga uutokee kwa nyuma.

Tatizo la mwanga wa nyuma ni kwamba una madeni mawili. La kwanza, ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unafifisha picha nzima na kuipaka utando wa weupe. Ndiyo maana taa hufichwa nyuma ya mnyama mwenyewe, au huwekwa juu na kukingwa kwa kadi nyeusi. La pili, uso unabaki gizani. Hapo inaingia taa ya mbele, na kuipima ndiko kunakotenganisha fundi na mwenye vifaa. Ikilingana nguvu na ile ya nyuma, mstari wa mwanga unamezwa. Ikiwa dhaifu mno, paka anakuwa kivuli chenye masikio. Inatakiwa ipungue kiasi, na iwe pana: ipitie kwenye kitambaa cheupe, au ielekezwe kwenye mwavuli na kurudi, ili vivuli vya puani na chini ya kidevu visiwe na kingo kali. Hakuna fomyula moja inayofaa wanyama wote. Paka mweupe hudai taa ya nyuma ipunguzwe, la sivyo masikio yanaungua na kupotea. Mwenye manyoya marefu hukusamehe mengi. Mwenye manyoya mafupi, kama yule wa Siam, hana nywele za kuwashwa, na mwanga wa nyuma kwake unakuwa mstari tu wa kuchora umbo.

Macho ya paka ni somo jingine kabisa. Mboni yake haifanyi kazi kama yetu. Katika jua kali inajifinya ikawa ufa wa wima, na gizani inapanuka hadi karibu kulijaza jicho. Eneo lake linaweza kubadilika mara 135, wakati la binadamu hubadilika mara 15 hivi. Paka mwenye mboni za ufa huonekana mkali, mwenye hila. Huyohuyo mboni zikipanuka anaonekana mpole, wakati mwingine kama mtoto. Hajabadilika moyo, ni mwanga tu. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wa studio wanalijua na wengine hawalifikirii: flashi haibadilishi mboni ya picha hiyo. Mmweko wa flashi za studio huweza kwisha ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, na jicho halina muda wa kuitikia. Ukubwa wa mboni unaamuliwa na mwanga uliokuwemo chumbani kabla ya mmweko. Kwa hiyo mpiga picha anayeongeza au kupunguza balbu ya kawaida ya chumbani, balbu ambayo haitachangia chochote kwenye picha yenyewe, anachagua sura ya paka. Hila hiyo naipenda mno. Taa moja inaangaza picha na nyingine inazungumza na mnyama.

Nyuma ya jicho la paka, na la mbwa pia, kuna utando unaorudisha mwanga ili seli za jicho ziupate mara ya pili. Ndio unaowasaidia kuona gizani, na ndio unaowafanya wawe na macho ya kijani yanayowaka barabarani gari linapopita. Flashi iliyobanwa juu ya kamera au ile ya simu iko jirani mno na lenzi. Mwanga unaingia jichoni, unagonga utando, unarudi njia ileile na kutua kwenye picha. Matokeo ni jini. Hakuna dawa ya maana zaidi ya kuitenga taa na lenzi, kuiweka upande, juu, au kuielekeza kwenye dari nyeupe. Hapo jicho linapata ile nukta nyeupe moja, na nukta hiyo ndiyo inayotofautisha jicho lililo hai na kipande cha kioo. Wengine huipenda iwe juu kidogo, upande mmoja, mahali jua la asubuhi lingeiweka. Mbili ni nyingi, kwa maoni yangu, na tatu zinachekesha.

Mnyama mweusi tii ndiye anayewashinda wengi. Kamera inapopima mwanga hudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni kijivu cha wastani. Ikikutana na mbwa mweusi aliyejaza fremu inaona upungufu, inaongeza mwanga, na mbwa anatoka rangi ya majivu. Ikikutana na mweupe inafanya kinyume. Kurekebisha hili kwenye kamera ni jambo dogo: punguza hatua moja kwa mweusi, ongeza moja kwa mweupe. Kinachohitaji ustadi ni kitu kingine. Manyoya meusi yanameza mwanga, hivyo umbo la mbwa mweusi huonekana kwa mng'ao tu, pale mwanga unapoteleza juu ya manyoya na kurudi kwenye lenzi. Fundi hamrushii mwanga mwingi. Anatafuta chanzo kipana, dirisha kubwa au shuka jeupe lililopigwa taa, na kukiweka pembeni kwa namna ambayo mng'ao utachora fupa la shavu, bega, na ule mfereji mdogo katikati ya macho mawili. Mbwa mweusi aliyepigwa picha vizuri ana mistari minne mitano tu ya mwanga, na mtu aliyemlea anamtambua hapohapo.

Sasa fokasi. Hapa namba zinasaidia, nazo si ngumu. Chukua kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi limefunguliwa hadi f/1.8, na mnyama yuko mita moja na nusu. Eneo litakaloonekana kali, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama sentimita 3. Tatu tu. Paka wa Uajemi, ambaye pua yake imebonyea usoni, anaweza kuingia humo. Mbwa mwenye pua ndefu, wa kienyeji au yule wa polisi, hawezi: kutoka ncha ya pua hadi jichoni ni zaidi ya hapo, mara mbili au tatu. Utapata pua kali na macho yaliyozama kwenye ukungu, na picha hiyo itaonekana kosa hata kwa mtu asiyejua kamera ni nini, kwa kuwa sisi tukimkabili kiumbe chochote tunayatafuta macho kwanza.

Kanuni ya wapiga picha ni kwamba jicho lililo karibu na lenzi ndilo linalopewa fokasi, mengine yafuate yatakavyoweza. Lakini fundi hutaka zaidi ya jicho. Akilifinya tundu hadi f/5.6, zile sentimita 3 zinakuwa kama 10, na uso mzima wa mbwa unaanza kuenea. Gharama yake ni kwamba kati ya f/1.8 na f/5.6 mwanga unaoingia unapungua karibu mara kumi. Nani ataufidia? Ukichelewesha shata, mbwa atatikisa kichwa na picha itakuwa mchirizi. Ukipandisha usikivu wa filamu au kihisi, chembechembe zinaanza kuyala manyoya. Inabaki kuongeza taa. Ndiyo maana siamini kuwa mwanga na fokasi ni masomo mawili, ingawa vitabu vingi vya kufundisha huyaweka kwenye sura tofauti. Kila sentimita ya ukali usoni pa mbwa imelipiwa kwa mwanga. Zile flashi za studio za Chandoha ziligandisha miruko ya paka, ndiyo, lakini pia zilimnunulia tundu dogo, na tundu dogo likampa pua, macho na sharubu kwa pamoja.

Ipo njia isiyogharimu taa, nayo ni kuhama. Mbwa akikupa uso wa ubavu, jicho na pua viko umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, na hata tundu lililo wazi linatosha. Kwa kuwa mbwa hahami kwa ombi lako, unahama wewe. Hii, pamoja na kushuka hadi usawa wa macho ya mnyama, ndiyo iliyomfanya Chandoha alale kifudifudi sakafuni miaka yote ile. Ukimpiga paka picha kutoka juu, unapata paka mdogo na sakafu kubwa. Ukilala chini, paka anakuwa mtu wa makamo mbele yako, na sakafu inageuka mstari mwembamba unaoteleza haraka kuingia kwenye ukungu. Moja ya picha zake maarufu, ya mwaka 1961, aliyoiita The Mob, inaonyesha kundi la paka likija moja kwa moja kwenye lenzi iliyo karibu na ardhi. Ni paka wa kawaida, na kwa usawa ule wanatisha kidogo. Nyingine, ya mwaka 1955, ni ya binti yake Paula na mtoto wa paka, wote wawili wamefungua vinywa. Haijulikani nani anamwiga nani.

Picha ya wanyama wanaokuja mbele haipigwi kwa kuwafukuza na fokasi. Unachagua mahali, kigae fulani, kijiti, mkunjo wa karatasi, unaifunga fokasi hapo, na kuwaacha waifikie. Ukisubiri kuona kuwa wamefika umechelewa. Kidole kinatakiwa kitangulie. Haya yote Chandoha aliyafanya kwa mkono, kwenye kamera ambazo hazikuwa na msaada wowote wa kutafuta jicho.

Yuko fundi mwingine aliyekwenda njia ya kinyume kabisa, nami siwezi kumwacha. William Wegman, mzaliwa wa Massachusetts wa mwaka 1943, alipata mbwa aina ya Weimaraner mwaka 1970 na kumpa jina la msanii Man Ray. Mbwa huyu aliingia kwenye video na picha zake kwa sababu hakukubali kuachwa nje. Mwaka 1979 kampuni ya Polaroid ilimwalika Wegman atumie kamera yake kubwa, ile inayotoa picha ya inchi 20 kwa 24 papo hapo, mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 100. Ukubwa huo unaigeuza fokasi kuwa jambo la kutisha. Uso wa mbwa ukikaribia ukubwa wake halisi kwenye karatasi, eneo kali linakuwa jembamba mno hata tundu likifinywa, na taa zinazohitajika ni nyingi. Zaidi ya hayo, katika kamera za namna hiyo unaweka fokasi kwa kutazama kioo cha nyuma, kisha filamu inakalia nafasi ya kioo. Kuanzia hapo mpiga picha haoni tena kupitia lenzi. Lazima aamini kwamba aliyeko mbele hajasogea.

Man Ray hakusogea. Wala Fay Ray, aliyemfuata mwaka 1986. Kwa paka mpango huu usingefaulu hata mara moja, na nadhani Wegman analijua hilo kuliko mtu yeyote. Aina hii ya mbwa ina jambo jingine la bahati: manyoya mafupi ya kijivu, karibu na kile kijivu cha wastani ambacho kipima mwanga kinakidhani kila mahali. Mwanga ukimgusa hauungui wala haumezwi. Unatembea juu ya misuli yake taratibu. Man Ray alipokufa mwaka 1982, gazeti la The Village Voice lilimtangaza kuwa Mtu wa Mwaka. Mzaha, bila shaka, ila mzaha wa watu waliokuwa wamezitazama vizuri zile picha.

Mwaka huohuo aliofariki Chandoha, 2019, Sony iliziwekea baadhi ya kamera zake programu ya kulitambua jicho la mnyama na kulifuata kwa fokasi lenyewe. Kampuni nyingine zimefanya hivyo pia. Siwezi kusema ni jambo baya. Mbwa anayekimbia ufukweni sasa anapigwa picha na mtu ambaye miaka kumi kabla angerudi na picha za mchanga. Lakini mashine hiyo inalitafuta jicho, haiulizi jicho limeangaziwa na nini. Inakupa jicho kali lililo gizani kwa uaminifu uleule. Na simu, ambazo kihisi chake ni kidogo na kwa hiyo zina eneo kali pana kwa asili, huigiza ukungu wa nyuma kwa kukisia ukingo wa mnyama uko wapi. Mara nyingi hukisia vibaya palepale penye nywele: sharubu zinakatwa katikati, masikio yananyolewa.

Anayetaka kujaribu ufundi huu huku kwetu asivimeze vitabu vya Ulaya na Marekani vizima vizima. Vitabu hivyo husifu dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii upande huo karibu mwaka mzima na mwanga wake ni sawasawa. Dar es Salaam au Unguja, mwezi wa Juni, jua la mchana liko kaskazini, na dirisha hilo linakuletea mwale mkali katikati ya sebule. Desemba liko kusini. Mwenye nyumba ya pwani anayepiga picha za paka wake inambidi ahame dirisha kwa msimu.

Vivyo hivyo kuhusu jua la jioni linalosifiwa sana. Karibu na Ikweta jua linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na ule mwanga wa kulala unaopenya manyoya kwa nyuma hauna muda. New Jersey, ambako jua huteremka kwa mshazari, nyuzi 15 zilezile za mwisho huchukua zaidi ya saa moja na robo. Sisi tuna saa moja, na robo yake ya mwisho ndiyo yenye rangi. Mchana wa saa sita nao ni wa kuepukwa: jua liko utosini, paji la uso linayafunika macho, na mbwa anaonekana hana macho kabisa. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri, ila majani hupaka ukijani kwenye manyoya meupe, na huuondoi kirahisi.

Lakini tuna kitu ambacho studio hukinunua. Katika vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na nyingi zimepakwa chokaa. Asubuhi jua linaugonga ukuta mmoja juu, halifiki chini. Linalofika ni lile lililorudishwa na chokaa, pana, laini, lenye joto kidogo. Paka aliyelala barazani upande wa pili anapata taa ya mbele ambayo hakuna mwavuli wa studio unaoifikia, na kichochoro chenye giza nyuma yake kinafanya kazi ya ile karatasi ya rangi. Ukanda wa anga juu unaingia machoni mwake ukawa nukta nyeupe, ndefu kidogo. Na pwani paka hawana uhaba. Mbwa huachwa nje ya mlango, paka ndiye mwenye mkeka. Mpiga picha anachotakiwa kuleta ni goti la kupiga chini, na adabu ya kumwambia mwenye nyumba hodi kabla ya kulala kifudifudi mbele ya mlango wake.

Linabaki jambo la kumfanya mnyama atazame. Sauti hufanya kazi: mbinja, ukucha kwenye karatasi, mlio wa kuiga panya. Hufanya kazi mara moja, mbili ukibahatika, kisha mnyama anajua kuwa ni wewe tu na anaendelea kujilamba. Kwa hiyo sauti haitolewi mpaka kila kitu kiwe tayari. Wanaoanza huimaliza wakiwa bado wanapima taa.

Kwa Chandoha kazi hiyo, pamoja na kumshika mnyama, ilikuwa mikononi mwa Maria. Watoto wao sita walikulia ndani ya studio na shamba lililojaa paka, na picha zinajulikana kwa jina la baba. Maria alifariki mwaka 1992. Ukizitazama picha zile ukiwa unajua namna zinavyopigwa, huachi kufikiri juu ya mikono iliyokuwa nje kidogo ya fremu. Paka anapowekwa mezani na mtu anayemwamini, hukaa sekunde mbili tatu kabla ya kuamua aende wapi. Picha inapigwa humo. Mikono ikichelewa kuachia, imo kwenye picha. Ikiachia mapema, paka ameruka. Taa zilikuwa zimepimwa na fokasi imefungwa, na mwenye kamera alikuwa hana tena la kufanya ila kumtazama Maria.